Maua ya Maji ya Udhu

Makorora, Tanga
Jumamosi, mwezi wa Rajabu

Kwa kaka yangu Msafiri,

Assalaam aleikum, na shikamoo nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Mwanamkasi na watoto, na kwamba vumbi la Dodoma limewapungukia kidogo. Wifi mwambie nimepata salamu zake, na kile kifua kikiendelea kumsumbua asinywe maji ya friji, najua anayapenda. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Joto ni lile lile unalolijua, shuka inanata mwilini na mtu anaoga mara tatu bila kuchoka. Baba hajambo pia. Nimemtaja haraka haraka makusudi, kwa sababu barua yote inamhusu yeye na sitaki uanze kuruka mistari.

Najua unajiuliza barua ya nini na simu ipo. Kaka, usiudhike, lakini wewe simu huijui kuitumia. Mtu akikupigia akueleze jambo lenye mwanzo na mwisho, wewe ukishasikia mwanzo unadakia mwisho, na huo mwisho ni wa kwako mwenyewe. Karatasi haikatizwi. Rahimu, yule dereva wa lori wa nyumba ya mbele, anapeleka machungwa huko, nimempa akukabidhi mkononi na nimemwambia asiondoke mpaka akuone umeketi. Basi keti.

Mara ya mwisho tulipozungumza ulisema kwamba kabla ya mfungo utakuja na gari umchukue Baba akaishi kwako, nyumba ipangishwe, na miye nitafute chumba karibu na wateja wangu wa nguo. Ulisema mtu aliyepigwa na kiharusi hawezi kulelewa na cherehani. Mimi nikanyamaza, na wewe ukauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo. Haikuwa ndiyo. Nilikuwa nimeshika pini mdomoni, na ulipomaliza ulikata simu kabla sijaitema.

Sasa nikupeleke uani. Unapakumbuka pale kati ya mlango wa chumba cha Baba na jiko, pa kutawadhia. Baba mwenyewe alijenga kile kiti cha saruji, na ule mfereji mwembamba wa kupeleka maji pembeni, kwa sababu aliona si adabu maji ya udhu yaishie shimoni pamoja na uchafu wa choo. Maji yakawa yanatiririka hadi chini ya mstafeli. Ulipoondoka palikuwa tope tupu na magugu, na wewe ulizoea kupaita bwawa la Mzee. Ungepaona leo usingepaita hivyo.

Aliyenianzishia ni Beatrisi, jirani yetu wa ukuta wa kushoto. Ni Mshambaa wa Amani, Mlutheri, mama mwenye sauti ya kwaya hata akikuomba chumvi. Mwaka juzi alikwenda kumwona mama yake, akaniletea majani manene yenye manyoya, yamefungwa katika kitambaa kibichi. Nikamshukuru, nikamwuliza yanapikwa kwa nazi au chukuchuku. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ni majani ya kuoteshea, ya yale maua madogo ya zambarau yanayoota kwenye mawe ya msituni kwao, ambayo watu wa vitabu wanayaita urujuani wa Usambara. Msituni hayang'olewi, yana walinzi wake, lakini mama yake Beatrisi anayo uani tangu zamani, na jani moja tu ukilichomeka kikonyo kwenye mchanga mbichi na kulifunika kwa chupa iliyokatwa, baada ya muda linatoa vitoto.

Nikachomeka. Vitoto vikatoka. Nikapanga mawe pembeni mwa mfereji, kwenye kivuli cha mstafeli, nikavipachika hapo. Halafu tamaa ikanishika. Nikaenda Moa kwa mama mdogo nikachimbua vitunguu vya yale maua meupe yenye mistari ya waridi, yale ya bondeni yanayochanua mvua zikianza, ambayo marehemu Mama alikuwa akitukataza kuyachezea kwa sababu utomvu wake unawasha. Nikafukia karai la zege mwisho wa mfereji nikatia yungiyungi, na visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu ili jirani asije akanishitaki. Yote hayo ni maua ya kwetu, hayakuja na meli, na ukiyapanda mara moja hayakuachi mwaka hata mwaka. Ila yana sharti moja, hayataki kukaukiwa miguu.

Na hapo ndipo nilipopata bahati kuliko mwenye bustani yeyote Makorora. Maji ya vyombo yana sabuni na mafuta, ukiyamwaga kwenye maua ya namna hii unayaua. Maji ya udhu ni maji matupu. Baba alikuwa akitawadha sala zote tano kwenye kile kiti chake, na zaidi akitaka kuswali sunna, na kila akitawadha maua yanapata maji yake, si mengi, si machache. Mimi nilikuwa sijui hata kopo la kumwagilia liko wapi. Watu wakisifu mkono wangu nilikuwa naitikia asante, bila aibu.

Kiharusi kilipomkuta Baba, wewe ulikuja, uliona. Lakini ulikaa siku chache, zote hospitalini, uani hukufika, ukarudi kazini, na mengine hukuyaona. Pale hospitali kulikuwa na binti wa mazoezi, mtoto mwenye adabu sana, lakini alikuwa akimhesabia Baba hatua kwa sauti na kumpigia makofi mbele ya wagonjwa wengine. Unamjua Baba. Mtu aliyepanda majukwaa ya ujenzi maisha yake yote, amejenga nusu ya kuta za mtaa huu, leo apigiwe makofi kwa kuinua mguu. Alirudi nyumbani akageukia ukutani. Nikimletea maji ya kutawadha kitandani anakasirika, akawa anatayamamu, udhu wa bila maji, kwa jiwe aliloliweka pembeni ya mto. Mkono wa kulia aliulaza tu juu ya shuka, hautazami. Nikimwambia tujaribu hata mlangoni ananiambia nikashone.

Uani nako kukakauka. Miye niko mbioni, mara dawa, mara uji, mara bibi harusi wa watu anataka gauni lake. Siku moja Beatrisi alichungulia juu ya ukuta akaniambia maua yangu yana kiu. Nilitazama nikaona majani ya zambarau yamelegea juu ya mawe na yungiyungi limebaki kwenye kidimbwi cha matope na samaki wanahema. Nilikaa kwenye kile kiti nikalia, kaka, sikufichi. Sikulilia maua. Nililia kwa sababu nilielewa kwamba sijawahi kuyamwagilia hata siku moja, ni Baba aliyekuwa akiyanywesha. Kuanzia hapo nikawa nachota ndoo jioni, nikikumbuka.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita, kiangazi kikali, hakuna hata wingu, nikaanza kukuta udongo umelowa asubuhi. Si uani kote, mferejini tu na kwenye mawe. Kwanza nilimtilia shaka Beatrisi. Nikamwambia kwa mzaha kwamba kama anayaonea huruma maua ya kwao ayabebe, lakini asiniingilie uani bila hodi. Akaniapia kwamba hajayagusa, akaniuliza kwa umbo lake lile ukuta ule angeuparamia vipi. Nikaona kweli.

Basi nikasema bomba linavuja. Nikamwita Badru fundi bomba. Badru naye, fundi wa kuchimba kwanza na kufikiri baadaye, akafukua kutoka kwenye koki mpaka karibu na mstafeli, akanikatia na kitunguu kimoja cha Moa kwa jembe. Bomba kavu kabisa. Muda wote huo Baba yuko chumbani anapiga kelele kwamba bomba ni zima, alilifunga yeye, tumwache huyo mharibifu aende zake. Alikasirika hata nikaogopa presha itapanda. Nikamwambia Badru afukie aondoke. Mimi sikutia akilini kwa nini mtu asiyejali hata uji wake aje ajali bomba.

Kesho yake nilipokuwa nafagia nikaliona birika la udhu. Mimi huliweka mkono wa kulia wa kiti, kama lilivyokaa miaka yote. Lilikuwa kushoto, mpini umegeukia kushoto. Nikainua macho nikatazama ukuta. Unajua ule ukuta una chokaa inayoshika mkono. Kutoka mlango wa chumba cha Baba palikuwa na alama za kiganja, moja baada ya nyingine, zote za mkono wa kushoto, usawa wa kiuno. Niliacha fagio pale pale.

Siku iliyofuata niliamka kabla ya adhana ya alfajiri nikakaa jikoni bila kuwasha taa, mlango nimeurudishia. Adhana ilipoanza nikasikia komeo. Akatoka. Kanzu ameipandisha kwenye shuka ya kiunoni, mkono wa kushoto ukutani, mguu wa kulia anauvuta nyuma yake. Anakwenda, anapumzika, anakwenda. Mpaka akafika pale ukuta unapoishia. Kutoka hapo hadi kwenye kiti hakuna kitu cha kushika. Alisimama hapo muda mrefu, mwadhini akamaliza, yeye bado amesimama. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kutoka kimshike. Nikauma pindo la kanga. Kisha akauachia ukuta, akaenda, akayumba, nikafumba macho, na nilipofumbua alikuwa ameketi.

Akatawadha. Mkono wa kushoto unamimina na huo huo unaosha. Ilipofika zamu ya mkono wa kulia aliuinua akauweka pajani, akauosha polepole mpaka kwenye kiwiko, kwa upole kama wa mtoto mchanga. Maji yakaenda mferejini. Halafu akainama akachuma jani moja lililooza kwenye urujuani, akalitupa. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja jikoni mle, na furaha niliyokuwa nayo, kaka, sijawahi kuwa nayo hata siku ya ndoa yangu. Nakuambia ukweli.

Sikumwambia. Nilijua nikisema tu ataacha, ataona nami nataka kumpigia makofi. Lakini ile nafasi isiyo na cha kushika haikunipa raha. Nikamweleza Beatrisi, naye akaniletea fito na mianzi kutoka kwa shemeji yake. Mchana ule ule tukasimika uzio kutoka mwisho wa ukuta mpaka kwenye kiti, tukafunga kwa kamba za katani. Baba akauliza kutoka kitandani ni nini hicho tunachogonga. Nikamjibu ni uzio wa kuegemeza maua. Akauliza tangu lini maua ya juu ya jiwe, yasiyofika hata kifundo cha mguu, yakahitaji uzio wa kiunoni. Nikamwambia yatakua. Beatrisi ilibidi aingie jikoni.

Ikapita kama wiki. Asubuhi moja nampa uji, akasema huku anatazama dari kwamba mwanzi wa tatu umefungwa vibaya, unacheza, na kwamba mtu anayetaka kusimika kitu amwulize fundi kama nyumbani kuna fundi. Nikamtazama. Akanitazama. Kisha akacheka, kaka, kile kicheko chake cha puani, ambacho sikukisikia tangu augue. Tukacheka wote mpaka uji ukapoa. Siku hiyo alitoka mchana, mbele ya macho yangu, akakaa kitini akanielekeza namna ya kufunga fundo, na kila nikifunga ananiambia nifungue.

Nilimwuliza kwa nini alikuwa akijificha. Alisema alikuwa anaogopa kuanguka mbele yangu. Si kwa maumivu. Alisema akianguka nitakupigia simu, na nikikupigia simu gari litakuja. Akasema kwako atapata kitanda kizuri, na choo cha ndani, na wifi atampikia vizuri, na hatakuwa na sababu yoyote ya kuamka. Hapa akisikia adhana anajua kuna kitu kinamngoja nje. Akasema mara ya kwanza kabisa alitoka kwa sababu alinisikia jioni nikiyaomba radhi maua kwamba nimechelewa, akaona aibu kulala na maua yana kiu na maji ni yake.

Hayo ndiyo ya bustani. Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na hapa nakuomba usisimame.

Siku ile ile ya mafundo, Baba aliniuliza kwa sauti ndogo kama uamuzi wako uko pale pale. Hakunitazama alipouliza. Alikuwa anabonyeza udongo kwa kidole, kuona umelowa kiasi gani. Nami nikafungua mdomo nikamwambia kwamba umepiga simu juzi, umefikiri sana, na umesema Baba abaki kwake.

Ndiyo, kaka. Nimesema hivyo. Ningemaliza hapo ingekuwa afadhali, lakini aliniomba nirudie, na niliporudia nikaongeza. Nikasema ulisema nyumba aliyoijenga kwa mikono yake haipangishwi yeye angali hai. Nikasema sauti yako ilikatika kidogo ulipokuwa unasema. Nisamehe, hapo nilizidisha, lakini ungeuona uso wake nawe ungezidisha.

 Kisha akainua mkono wa kushoto, na ule wa kulia nao akajitahidi ukapanda mpaka usawa wa kifua, akakuombea dua kwa jina lako na la Mama, wewe na watoto wako, ndefu, na miye naitikia amina. Ijumaa iliyofuata alikwenda msikitini, na bakora, mimi nikimfuata nyuma mpaka kona na yeye akinifukuza. Huko aliwaambia watu wote. Sasa nikipita dukani naambiwa nimsalimie Msafiri, kijana anayejua thamani ya mzazi. Beatrisi, ambaye naye nilimdanganya, amekutaja kanisani kwao katika maombi ya shukrani. Hata Badru alikuja kufukia vizuri shimo lake, akasema anafanya hivyo kwa heshima yako.

Kwa hiyo hali ndiyo hiyo. Ukija na gari la kumchukua, utanifanya miye mwongo mtaa mzima, na hilo nitalivumilia. Ila utamrudisha Baba ukutani, na hilo sitalivumilia. Njoo, lakini njoo kumwona. Njoo kabla ya mfungo kama ulivyopanga, ufungue naye siku za mwanzo, umshike bega kwenda tarawehe. Mazoezi yake nitayasimamia miye, na binti yule wa hospitali amekubali kuja nyumbani mara mojamoja, nimemweleza mikono yake aiweke mfukoni.

Nakuomba radhi kwa kukusemea. Kwa maneno yenyewe siombi radhi, maana naamini ungeyasema wewe mwenyewe, ungekuwa umekaa nami jikoni alfajiri ile.

Urujuani umechanua, mawe yote ni zambarau, na yungiyungi lina tumba linaloelekea kufunguka. Wifi nimemwekea majani ya kuotesha ndani ya kopo lenye kitambaa kibichi, yamo kwenye kikapu cha Rahimu, mwambie asiyapike. Watoto wabusu mmoja mmoja. Beatrisi anakusalimu sana, na mama mdogo wa Moa pia.

Baba ameniona naandika na ameuliza namwandikia nani. Nilipomwambia ni wewe, ameniagiza niandike maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema: kwamba hakuwahi kukuambia kwa mdomo, akidhani unajua, lakini leo anataka ujue kwamba ameridhika na wewe, na siku atakapoulizwa mbele ya Mola wake alimwacha nani duniani, hatakuwa na haya kulitaja jina lako.

Ameketi hapa uani ananingojea nifunge bahasha. Mjibu, kaka. Mjibu kwa simu, leo hii, na safari hii uache amalize kusema.

Ni mimi mdogo wako, niliyekusingizia wema,

Tausi